Siku 79, Kisha Siku Nne: Utafiti Unaotangulia Mlipuko

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola wilayani Mubende. Kisababishi kilikuwa kirusi aina ya Sudan, ilhali chanjo ya Ebola iliyokwisha kuidhinishwa hukinga dhidi ya aina ya Zaire. Dozi za kwanza za chanjo ya majaribio ziliwasili nchini tarehe 8 Desemba, siku 79 baadaye. Wakati huo mgonjwa wa mwisho alikuwa amekwisha ruhusiwa kutoka hospitalini. Watu 164 walikuwa wameugua, wakiwamo waliodhaniwa bila kipimo, na 77 kati yao walifariki dunia.

Kirusi hicho kilirejea, na tarehe 30 Januari 2025 mlipuko ulitangazwa Kampala. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi, na alikuwa amekwisha kufariki. Safari hii jaribio la chanjo lilianza tarehe 3 Februari: siku ya nne.

Tofauti hiyo ilitokana na kazi iliyofanyika kati ya milipuko, wakati watu wengi walikwisha kuacha kuizungumzia Ebola. Dozi zilikuwa zimehifadhiwa Kampala. Itifaki, yaani mwongozo unaoeleza nani atachanjwa, lini, na usalama wake utafuatiliwaje, ilikuwa imeandikwa na kujadiliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda walikuwa tayari. Shirika la Afya Duniani liliwaunga mkono, na taasisi ya IAVI ilitoa chanjo. Jaribio lenyewe lilipewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Kwa maoni yangu, sehemu ngumu zaidi katika ushirikiano wa namna hii ni makubaliano kuliko maabara: sampuli ni mali ya nani, takwimu atazitunza nani, na kamati ya maadili itajibu kwa siku ngapi. Mambo hayo hayajadiliki vyema wodi ikiwa imejaa.

Mbinu iliyotumika ni ya duara. Mgonjwa akithibitishwa, huorodheshwa watu wote waliotangamana naye, kisha waliotangamana na hao. Kundi hilo ndilo linaloombwa ridhaa na kuchanjwa. Nchini Guinea mwaka 2015, baadhi ya maduara yalichanjwa mara moja na mengine baada ya siku 21, kwa kura. Wagonjwa na ndugu zao huuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini wengine wasubiri? Kwa sababu wakati huo hakuna ajuaye kama chanjo inakinga, na bila kulinganisha makundi hatutajua kamwe. Ilipodhihirika Guinea kwamba waliochanjwa mara moja hawakuugua kuanzia siku ya kumi, kusubiri kulifutwa na wote wakachanjwa bila kucheleweshwa.

Mlipuko wa Uganda wa 2025 ulikwisha tarehe 26 Aprili ukiwa na wagonjwa 14 na vifo vinne. Ni habari njema, ingawa idadi hiyo ni ndogo mno kuhukumu uwezo wa chanjo. Kwa hiyo nchi zinapaswa kutumia itifaki moja, ili takwimu za mlipuko huu ziunganishwe na za ujao, hata ukitokea ng'ambo ya mpaka.

Mpaka huo si wa mbali. Kirusi cha Marburg, ambacho bado hakina chanjo iliyoidhinishwa, kiliingia mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Rwanda ilipokumbwa nacho mwaka 2024, wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Jaribio la chanjo lilianza siku ya tisa, na wahudumu wakawa miongoni mwa wa kwanza kuchanjwa.

Kwa mhudumu wa zahanati, sehemu yake katika utafiti huu huanza na daftari. Nani alimwogesha mgonjwa, nani alimpakia kwenye bodaboda, nani alifua shuka zake, nani alimtoa damu: jina likikosekana kwenye orodha, mtu huyo yuko nje ya duara.