Umeng'atwa na Mbwa, Kidonda Kimekauka: Sindano za Nini?

Mama mmoja wa hapa Kimara alimleta mwanawe siku tisa baada ya kung'atwa mguuni na mbwa asiyejulikana mwenyewe. Tulipomweleza kwamba mtoto aanze chanjo ya kichaa cha mbwa, alishangaa: "Nesi, kidonda chenyewe si kimeshakauka? Sindano za nini tena?" Swali hili tunaulizwa mara kwa mara. Jibu lake limo ndani ya mishipa ya fahamu, ambako kuna vitu vidogo mno vinavyotembea.

Protini zinazotembea

Seli ya mshipa wa fahamu ina umbo la ajabu. Kitovu chake kipo ndani au kando ya uti wa mgongo, lakini mkonga wake mwembamba huweza kufika hadi wayoni, karibu mita moja kwa mtu mzima. Mahitaji mengi ya mkonga huo hutengenezwa kitovuni, na vilivyochakaa lazima virudishwe huko. Wabebaji ni protini za pekee ziitwazo protini mota.

Mota hizi hutembea juu ya nyuzi zilizolala ndani ya mkonga kama reli. Fananisha na mabasi ya mwendokasi katika njia yake: yapo yanayotoka Kivukoni kuja Kimara, na yapo yanayorudi mjini. Mota inayokwenda nje ni kainesini, iliyogunduliwa mwaka 1985 katika mshipa wa fahamu wa ngisi. Imeundwa kwa minyororo miwili iliyosokotana kama kamba. Upande mmoja kuna vichwa viwili vinavyofanya kazi ya miguu. Upande wa pili kuna mkia unaoshika mzigo. Mguu mmoja ukishika reli, mwingine huvuka mbele. Kila hatua ni nanomita 8, maana yake milimita moja ni hatua 125,000!

Mota inayorudi kitovuni ni daineini, nayo ni kubwa zaidi. Ina minyororo mikuu miwili, na kila mmoja umeungwa kwa asidi amino zaidi ya 4,600. Kila mnyororo umejikunja kuwa pete ya vipande sita, kama chungwa lililokatwa katikati. Kwenye pete hutokeza kijiti chembamba chenye wayo nchani, na juu ya pete umelala mkono unaokunjika na kunyooka. Pete ikipokea nishati ya mwili, iitwayo ATP, wayo huachia reli na mkono hukunjika. ATP ikishavunjwa, wayo hushika tena, mkono hunyooka, na mzigo huvutwa mbele.

Abiria asiye na tiketi

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakina miguu wala mota. Kikiingia mwilini pamoja na mate ya mbwa mgonjwa, huweza kukaa kwanza katika nyama ya kidonda. Baadaye huingia katika ncha ya mshipa wa fahamu kikiwa ndani ya kifuko kidogo. Daineini hukibeba kifuko hicho kama mizigo yake ya kila siku, ikielekea uti wa mgongo. Kutoka hapo kirusi hufika kwenye ubongo.

Kwa hiyo ngozi inaweza kufunga kabisa, na safari ikawa inaendelea ndani. Mara nyingi dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu: homa, kuwashwa palipong'atwa, kuogopa maji, kuchanganyikiwa. Zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba ugonjwa huu uliua watu wapatao 1,500 kila mwaka Tanzania.

Hatuwezi kuisimamisha daineini, kwa maana bila hiyo mishipa ya fahamu huharibika. Tunachoweza ni kumzuia abiria kabla hajapanda.

Tufanye nini?

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kirusi hiki kina ganda la mafuta, na sabuni huliharibu. Bomba likiwa kavu, mimina maji ya dumu kwa kopo. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza askari wa kukikamata kirusi. Kwa kuwa askari hao huchukua siku kadhaa kuwa tayari, baadhi ya majeruhi huhitaji pia kudungwa kinga iliyo tayari ndani na kandokando ya kidonda. Jeraha la kichwani au usoni ni la hatari zaidi, kwa kuwa njia ya kwenda kwenye ubongo ni fupi.

Tatu, maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa, hata kama unajisikia mzima.

Nne, mbwa wa nyumbani wapelekwe kuchanjwa kila mwaka.

Mtoto yule alianza chanjo siku ile ile, akazimaliza sindano zake zote. Nawe ukiwa umechelewa siku tisa, au hata mwezi, usikae nyumbani kwa kuona haya. Maadamu dalili hazijaanza, bado kuna nafasi. Njoo leo.