Tuba Iliyomkataa Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Leopold Stokowski, kiongozi wa Okestra ya Philadelphia, alitaka sauti nzito ya chini inayojaa ukumbi kama kinanda cha mabomba cha kanisani. Kiwanda cha York cha Grand Rapids, Michigan, kikatengeneza tuba kubwa kwa ajili ya mpiga tuba wa okestra hiyo, Philip Donatelli. Ilipofika, haikumkaa. Donatelli alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na alipoipakata, bomba la kupulizia halikumfikia mdomoni ilivyopasa. Hatimaye akamuuzia kijana aliyekuwa akisoma katika Taasisi ya Muziki ya Curtis, Arnold Jacobs, kwa dola 175. Jacobs alijiunga na Okestra ya Simfoni ya Chicago mwaka 1944 na kubaki humo hadi 1988. Miaka hiyo yote sauti ya tuba ya York ilihesabiwa miongoni mwa sauti bora za chini duniani.

Ala iliyoagizwa kwa ajili ya mtu mmoja ilimshinda mtu huyo, ikampata bwana wake kwa bahati. Kila mpigaji anayefikiria kuagiza tarumbeta, tromboni au tuba kwa fundi maalumu angefaa kukikumbuka kisa hicho kabla ya kutuma malipo ya awali.

Bei zenyewe hazina mzaha. Tarumbeta ya kitaalamu inayotoka kiwandani, kama Bach Stradivarius au Yamaha Xeno, hugharimu dola elfu chache. Zile za David Monette wa Portland, Oregon, ambazo mpiga tarumbeta Wynton Marsalis amezipiga kwa miaka mingi, huenda mbali zaidi ya hapo, na zikipambwa hufikia bei ya gari. Mnunuzi ana haki ya kuuliza: tofauti hiyo ya fedha imekaa wapi ndani ya ala?

Wauzaji hupenda kuanza na metali. Ala hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Ule wa kawaida, wa rangi ya njano, una shaba asilimia 70 na zinki 30. Mwekundu zaidi una 85 kwa 15, au hata 90 kwa 10. Husemwa kuwa kadiri shaba inavyozidi ndivyo sauti inavyokuwa na joto na giza. Husemwa pia kwamba kinywa, yaani ile sehemu pana ya mbele, kikifuliwa kwa nyundo kutoka bati moja huimba vizuri kuliko cha vipande viwili. Lakini hata Bach ya kiwandani ina kinywa cha bati moja kilichofuliwa kwa mkono, kwa hiyo sifa hiyo peke yake haihalalishi kulipa mara tatu.

Wanasayansi nao wameliingilia suala hili. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Uingereza Richard Smith aliwapa wapigaji tromboni wa kulipwa vinywa vya unene mbalimbali, akavificha na kusawazisha uzito wake ili mikono isivitambue. Wapigaji hao, mabingwa wa kazi yao, walishindwa kuvitofautisha. Mwaka 2005 Thomas Moore na wenzake wa Chuo cha Rollins, Florida, walizima mtetemo wa kinywa cha tarumbeta kwa mifuko ya mchanga na kukuta sauti imebadilika kweli, ingawa kidogo. Ukiyasoma majaribio hayo pamoja, metali ina neno lake, ila si lile la kwanza.

La kwanza ni umbo la hewa iliyomo ndani. Bomba la mwanzo, linalopokea pumzi kutoka kwenye kikombe cha mdomo, hupanuka taratibu, na tofauti ndogo sana katika upanukaji huo hubadilisha mwitikio wa ala na mpangilio wa noti zake. Smith mwenyewe, akishirikiana na mpiga tarumbeta Derek Watkins, alikuja kutengeneza tarumbeta ambazo bomba hilo huchomolewa na kuwekwa jingine. Fundi mzuri anayempima mteja hutumia muda wake mwingi hapo, na kwenye vali, ambako pistoni inatakiwa iteleze bila kukwama na bila kuvujisha pumzi.

Yapo pia mambo ambayo hakuna fundi anayeweza kuyauza, kwa sababu hesabu imeyakataa. Vali ya kwanza hushusha noti kwa toni moja kwa kuongeza urefu wa bomba takriban asilimia 12.2. Vali ya tatu hushusha toni moja na nusu kwa kuongeza asilimia 18.9. Zikibonyezwa pamoja zinaongeza asilimia 31.1, ilhali noti inayotafutwa inahitaji 33.5. Kwenye tarumbeta ya B flati, yenye bomba la karibu sentimita 148, pengo hilo ni kama sentimita tatu na nusu, na noti inapanda juu kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Ndiyo maana bomba la vali ya tatu huwekewa pete ya kidole ili mpigaji alisukume nje anapopiga D ya chini. Anayenunua ala ghali ili aondokane na kazi ya kidole hicho atakuwa amelipia ndoto.

Walionufaika na ala za kuagiza mara nyingi walijua wanachokitafuta. Mwaka 1953, kwenye sherehe jijini New York, tarumbeta ya mwanamuziki wa jazi Dizzy Gillespie iliangukiwa, kinywa kikapinda kuelekea juu. Aliipiga hivyohivyo, akagundua kuwa anajisikia vizuri zaidi, kisha akaagiza nyingine iliyopindwa kwa makusudi. Mpigaji mwingine wa jazi, Art Farmer, naye alitaka kitu kilicho katikati ya tarumbeta na flugelihoni, ndugu yake mwenye sauti laini zaidi, na Monette akamtengenezea flumpeti. Wote wawili walifika kwa fundi na tatizo lenye jina.

Asiye na jina la tatizo lake na aanze na kipimo cha bei nafuu. Ala yake ya zamani isafishwe, vali zikaguliwe, na ajaribu kikombe kingine cha mdomo. Malalamiko mengi huishia hapo. Kwa mpiga matarumbeta wa Dar es Salaam anayepuliza juu ya gari la wazi katikati ya msafara wa harusi, vali zisizovuja zina faida kuliko mchanganyiko wowote wa shaba.

Yakibaki malalamiko, ndipo ala mpya ijaribiwe sambamba na ya zamani, kwa kikombe kilekile, mpigaji akiwa amefumbwa macho na rafiki akimkabidhi bila mpangilio. Rafiki wa pili aketi nyuma kabisa ya ukumbi, maana sauti inayomfurahisha mpigaji masikioni huenda isifike huko. Wa tatu ashike kifaa cha kupimia noti, mpigaji asikione, kwa kuwa midomo yake hurekebisha noti mara tu macho yanapoona mshale. Jaribio lirudiwe mwisho wa mazoezi, midomo ikiwa imechoka. Baadhi ya tarumbeta za Monette zimeunganishwa moja kwa moja na kikombe chake, na anayezichagua ajue kuwa kubadilisha kikombe si jambo la dakika moja tena.

Kuhusu tuba ya York, hadithi yake haikuishia kwa Jacobs. Zilitengenezwa mbili, na zote zikawa mali ya Okestra ya Simfoni ya Chicago. Mafundi wa Hirsbrunner wa Uswisi na wa Yamaha wa Japani walitengeneza tuba mpya kwa kuzifuata. Leo mpigaji yeyote mwenye fedha anaweza kununua nakala ya ala iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyeiweza. Ikifika na kutolewa sandukuni, kabla ya kupuliza noti hata moja, itambidi aketi, aipakate, na kutazama kama bomba linamfikia mdomoni.