Silabi na Mkazo katika Neno "Nso"

Kiswahili hakina vivumishi vingi vya viungo vya mwili. Badala yake hutumia kiunganishi -a: mishipa ya shingo, maradhi ya nso. Nso ni jina la figo ambalo leo husikika kwa nadra, na uchache wake huwafanya wasomaji wengi walitamke kama silabi moja. Matamshi hayo si sahihi. Neno hugawanyika n-so, na mkazo huangukia nazali yenyewe.

Sababu yake ni ya kihistoria. Katika ngeli ya N, nazali imetoweka mbele ya konsonanti zisizo ghuna: paka, kuku, fisi, na hata figo. Lakini shina lililo na silabi moja lingebaki bila mahali pa kuweka mkazo, nao hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo nazali ilihifadhiwa, ikawa silabi kamili: nta, nchi, nso. (Nge na mbwa hufuata mkondo huohuo, ijapokuwa konsonanti zake ni ghuna.) Kizulu kina inso na Kichewa kina impso, humo irabu ya mwanzo ingali inabeba kazi ambayo katika Kiswahili imetwikwa nazali.

Tahajia haionyeshi tofauti hii. Mbavu ni mba-vu, kwa kuwa m na b ni sauti moja changamano; mbuyu ni m-bu-yu, kwa kuwa m yake ni kiambishi cha ngeli kilichopoteza irabu. Vivyo hivyo mfupa na mguu vina silabi tatu.

Mwenye kuathirika zaidi ni mtunzi wa mashairi. Kipande "nso zake zaumia" kina mizani minane. Anayeitamka nso kwa silabi moja atahesabu saba, na huenda akamlaumu mtunzi bure. "Mbavu zake zaumia" nacho kina minane, lakini "mguu wake waumia" kina tisa.

Ugumu halisi umo katika nsoni. Mkazo umehamia so, nazali imedhoofika, na katika usemi wa haraka karibu imezwe na s. Hata hivyo, hesabu ya n-so-ni ndiyo yenye nguvu zaidi: nchini huhesabiwa silabi tatu darasani, wala hakuna hoja ya kuitenga nsoni na kanuni hiyo.