Twiga wa mawe meusi waliotutoa jasho

TULIPOKUTANA mbele ya uwanja wa Kinoru, mjini Meru, kila mtu alikuwa na viatu vipya na maneno mengi. Siku ya tatu, tukishapita Isiolo, Maralal na Baragoi, maneno yalikuwa yametuishia. Gari lilituacha nje ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, tukaanza kutembea.

Njia hakuna. Ni mawe ya volkano, makali, yanayobingirika chini ya kisigino, na upepo unaotaka kukuvua kofia na heshima pia. Maji ya ziwa unayaona, lakini yana magadi. Kila mmoja alibeba yake.

"Mnawakanyaga," mzee aliyetuongoza akasema.

Tukainama. Twiga! Shingo, miguu, mkia, wamechorwa kwa kugongwagongwa jiwe kwa jiwe. Ukiliambua gamba jeusi, rangi hafifu hutokea. Karne zikipita, nayo huwa nyeusi. Ndiyo maana ni rahisi kuwapita. Miaka ipatayo 9,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi na ziwa lilikuwa zaidi ya mita 70 juu ya kimo cha sasa. Leo hapo hata mbuzi hulala njaa.

Mwanafunzi mmoja akatoa chaki, apake picha zionekane kwenye kamera. Mzee akamshika mkono.

"Weka hiyo, mwanangu. Ngoja jua lishuke."

Jiwe la jirani lilikuwa na jina la mtu na la mpenzi wake, meupe pe. Wajukuu wetu watayakuta.

Tukangoja. Jua likalala, vivuli vikaingia kwenye michoro, na twiga wakasimama wenyewe.