Kupima Akili ya Kuishi na Watu

Tunapima vitu vingi katika maisha yetu. Mahindi tunayapima kwa debe au kwa kilo. Shamba tunalipima kwa hatua au kwa ekari. Kitambaa tunakipima kwa mita. Mtoto mchanga hupimwa uzito kliniki, na uzito wake huandikwa kwenye kadi.

Je, akili ya kuishi na watu inaweza kupimwa? Mtoto mmoja husalimu wakubwa, hucheza na wenzake bila ugomvi, na akitumwa dukani hurudi na chenji kamili. Mtoto mwingine wa umri ule ule hawezi mambo hayo. Sisi wazazi tunaiona tofauti hiyo kwa macho. Wako wataalamu wanaojaribu kuiandika kwa namba. Wataalamu hao huitwa wanasaikolojia. Kazi yao ni kuchunguza akili na tabia za watu.

Somo hili linaeleza jinsi vipimo hivyo vinavyotengenezwa. Linaeleza pia kwa nini kipimo kibaya kinaweza kumwumiza mtu.

KIPIMO CHA VINELAND

Katika mji wa Vineland, jimbo la New Jersey, nchini Marekani, palikuwa na shule ya bweni ya watoto waliochelewa kukua kiakili. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa Marekani walianza kupima akili kwa maswali. Mtoto aliulizwa maneno, hesabu na mafumbo, kisha akapewa alama. Aliyepata alama chache sana aliitwa punguani.

Jina hilo halikuwa jambo dogo. Watu wengi walioitwa hivyo walitengwa na jamaa zao, wakawekwa katika majumba maalumu. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwafunga uzazi bila ridhaa yao. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo alama za karatasi ziliweza kuamua kama mtu ataishi kwao, na kama atapata watoto.

Katika shule ile ya Vineland alikuwapo mwanasaikolojia aliyeitwa Edgar Doll. Yeye aliona kwamba alama za maswali hazitoshi. Mtu anaweza kushindwa mafumbo ya karatasi, lakini akajitunza, akafanya kazi na akaelewana na jirani zake.

Mwaka 1935 Doll alitoa kipimo kipya. Kilikuwa na orodha ya mambo 117. Katika kipimo hicho mtoto hakufanyishwa mtihani. Aliulizwa mtu anayemfahamu vizuri, kama vile mama yake. Je, mtoto hula mwenyewe? Je, huvaa nguo mwenyewe? Je, hutembea mtaani bila kuangaliwa? Je, huaminiwa fedha? Mambo hayo yalipangwa kwa kufuata umri, kuanzia ya mtoto mchanga mpaka ya mtu mzima.

Kipimo hicho kimerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Toleo moja lilitoka mwaka 2016.

KIPIMO HUTENGENEZWAJE?

Kutengeneza kipimo cha namna hii ni kazi ndefu. Ina hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuuliza wenyewe. Mtaalamu huwauliza wazazi, wazee na walimu: kwenu hapa, mtoto mwenye akili ya kuishi na watu ni yupi? Hufanya nini? Hafanyi nini?

Hatua ya pili ni kuandika mambo yanayoonekana. Ukiandika "mtoto ana adabu," kila mtu ataelewa lake. Lakini ukiandika "mtoto husalimu wakubwa bila kukumbushwa," jambo hilo linaonekana. Jibu lake ni ndiyo au hapana.

Hatua ya tatu ni kujaribu orodha kwa watoto wengi wa umri mbalimbali. Hapo hujulikana watoto wengi huanza kuweza jambo fulani wakiwa na umri gani. Jambo ambalo wote wanaliweza, au wote hawaliwezi, halionyeshi tofauti. Hilo huondolewa.

Hatua ya nne ni kupima tena. Debe zuri hutoa kipimo kile kile leo na kesho, likishikwa na Juma au likishikwa na Asha. Vivyo hivyo, wapimaji wawili wakimpima mtoto mmoja, majibu yao yakaribiane. Yakiwa mbali, kipimo kina kasoro.

Hatua ya tano ni kulinganisha na maisha. Mtoto aliyepata alama nyingi, je, watu wanaoishi naye wanamwona kuwa anaweza? Kama sivyo, kipimo kinapima kitu kingine. Debe linaweza kutoa kipimo kile kile kila siku, kumbe chini limebonyezwa. Halibadiliki, lakini linapunja kila siku.

DEBE LA MTU MWINGINE

Katika orodha ya Doll yalikuwamo mambo kama kutumia kisu mezani na kupiga simu. Kwa watoto wa Vineland hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Sasa fikiria orodha hiyo ya mwaka 1935 ikipelekwa katika kijiji cha wakati huo, ambako watu walikula kwa mkono na simu haikuwapo. Mtoto angekosa alama hizo. Je, angekuwa amepungukiwa akili? La. Kasoro ingekuwa katika kipimo.

Jambo hili lilichunguzwa na Robert Serpell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Zambia. Aliwapa kazi za namna moja watoto wa Lusaka, Zambia, na watoto wa Manchester, Uingereza. Walitakiwa kuiga maumbo. Walipoiga kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walishinda. Walipoiga kwa kukunja waya, watoto wa Lusaka walishinda. Sababu inajulikana kwa mtu yeyote aliyeona watoto wetu wakitengeneza magari ya waya. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1979. Yanatufundisha kwamba mtoto huonyesha uwezo wake kwa kitu alichokizoea.

Serpell alifanya kazi pia katika vijiji vya Wachewa, wilaya ya Katete, mashariki ya Zambia. Huko, katika miaka ya 1970, aliwauliza watu wazima swali jepesi. Ikitokea kazi fulani, kati ya watoto hawa wa kijiji ungemchagua yupi? Kwa nini huyo?

Majibu yao yalionyesha maana ya akili kwa Wachewa. Neno lao ni "nzelu." Nzelu ina pande mbili. Upande mmoja ni wepesi wa kuelewa. Upande wa pili ni kutumika, yaani kutumwa ukatumwika, kushirikiana na kuaminika. Mtoto mwepesi wa kuelewa lakini asiyetumika, hao hawamwiti mwenye nzelu. Huyo akili yake inaweza kuwa ya ujanja tu.

Serpell alilinganisha maoni ya wanakijiji na alama za majaribio ya akili. Mambo hayo mawili hayakufuatana sana. Aliendelea kuwafuatilia watoto hao kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1993 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Kenya nako mambo yalionekana hivyo. Sara Harkness na Charles Super walifanya uchunguzi miaka ya 1970 katika kijiji cha Wakipsigis. Wazazi wa huko walitofautisha akili ya shuleni na akili ya nyumbani. Mtoto mwenye akili ya nyumbani huona kazi inayotakiwa, akaifanya bila kusubiri kuambiwa.

KIPIMO CHA MALAWI

Je, basi tuache kupima? Hapana. Mtoto mwenye matatizo ya kukua asipotambuliwa mapema, hukosa msaada. Mama yake huambiwa, "Subiri, atakua." Miaka inapita. Kwa hiyo kipimo kinahitajika, lakini kiwe kimetengenezwa kwa watu kitakaowapima.

Kazi hiyo ilifanyika Malawi. Melissa Gladstone na wenzake walianza na vipimo vilivyotoka nchi za Magharibi. Mambo mengine hayakufaa kwa watoto wa vijijini, hasa yale ya kuishi na watu. Walizungumza na wazazi na wahudumu wa afya. Waliondoa yasiyofaa, wakaweka ya kwao.

Kipimo kipya kilitolewa mwaka 2010. Kina mambo 136 katika sehemu nne. Sehemu mbili ni za viungo vya mwili, kama kutembea na kushika vitu. Sehemu ya tatu ni lugha. Sehemu ya nne, yenye mambo 34, ni ya kuishi na watu. Watoto 1,426 wenye afya walipimwa ili kujua kila jambo linawezekana katika umri gani. Kisha walipimwa watoto wenye ulemavu na wenye utapiamlo, ili kuona kama kipimo kitawatambua. Wenye ulemavu, walio wengi sana walitambuliwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Anayetaka kupima akili ya kuishi na watu lazima kwanza aulize watu hao wanaishije.

Siku moja mhudumu wa afya au mtafiti anaweza kufika kwako na orodha ya maswali juu ya mtoto wako. Mwulize orodha hiyo ni ya kazi gani. Mjibu kweli, wala usimsifie mtoto kwa mambo asiyoyaweza, maana utamkosesha msaada. Swali lisilolingana na maisha ya kijiji chenu, mwambie wazi kwamba halilingani. Na kama mtoto amepata alama chache, usikubali aitwe mjinga kwa karatasi moja. Uliza nini kifuate, na apimwe tena. Wewe ndiwe unayeishi naye. Unayoyajua wewe ni sehemu ya kipimo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Edgar Doll aliona alama za maswali hazitoshi?
2. Taja hatua tano za kutengeneza kipimo.
3. Nzelu ina pande gani mbili? Katika lugha yenu mna neno kama hilo?
4. Kaeni katika vikundi. Andikeni mambo matano ambayo mtoto wa miaka saba wa kijiji chenu hutazamiwa kuyaweza kati ya watu. Kila jambo liwe la kuonekana kwa macho.