Mwanafunzi wa Ngozi Anafanya Nini Chuoni?

Ndugu msomaji, ukichinja ng'ombe, ngozi yake unaipeleka wapi? Wengine huitupa. Wengine huianika chini, juani, halafu humwuzia mnunuzi kwa bei ndogo. Lakini wapo vijana wanaosoma miaka mitatu kwa ajili ya ngozi hiyo hiyo. Leo twende tukawaone.

CHUO KIKO WAPI?

Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, yaani DIT, ilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Mwaka 1997 ikawa taasisi. Taasisi hiyo ina kampasi mjini Mwanza, katika Kanda ya Ziwa yenye wafugaji wengi. Huko hufundishwa teknolojia ya ngozi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi anaweza kuomba nafasi, awe mvulana au msichana. Stashahada huchukua miaka mitatu.

KILA KITU HUPIMWA

Tuchukue mfano. Binti yako anasoma huko. Usidhani anajifunza kushona viatu tu. Anajifunza kuibadili ngozi mbichi ili isioze tena. Hiyo ni kazi ya kemia.

Siku ya karakana huvaa buti za mpira, aproni, glavu na miwani ya kukinga macho. Kabla ya kushika dawa yoyote, hupima uzito wa ngozi. Kwa nini? Kwa sababu dawa hupimwa kwa kufuata uzito huo. Mwalimu akisema asilimia 2 ya chokaa, na ngozi zina kilo 100, basi chokaa ni kilo 2. Ikipungua, manyoya hayatoki vizuri. Hesabu ya asilimia aliyoiona ngumu shuleni, hapa ndiyo jembe lake.

Ngozi hulowekwa kwanza ili chumvi, damu na uchafu vitoke. Halafu huwekwa chokaa na dawa ya kuondoa manyoya. Nyama na mafuta yaliyobaki hukwanguliwa. Chokaa huoshwa, kisha ngozi hutiwa chumvi na tindikali kidogo. Mwisho huingia katika pipa kubwa linalozunguka, lenye dawa ya kuizuia isioze. Dawa moja ni unga wa kijani wa kromu. Ngozi hutoka na rangi ya bluu. Dawa nyingine hutoka kwenye magome ya miti ya miwati, kama ile inayopandwa Njombe. Hiyo huipa ngozi rangi ya kahawia.

Je, mwanafunzi atajuaje kwamba dawa ya kromu imeingia hadi ndani? Hukata kipande kidogo na kukitia katika maji yanayochemka. Kikijikunja na kusinyaa, ngozi bado. Hurudishwa katika pipa, na mwanafunzi husubiri. Ngozi haijui kengele ya chakula.

HARUFU YA MAYAI VIZA

Kazi hii ina hatari. Dawa ya kuondoa manyoya huitwa salfaidi. Ikikutana na tindikali hutoa hewa ya sumu yenye harufu ya mayai viza. Hewa hiyo huua. Tena ina hila: ikiwa nyingi, pua hufa ganzi, na mtu haisikii harufu tena. Huweza kudhani hatari imepita, kumbe imezidi.

Kwa hiyo maji ya salfaidi na maji ya tindikali hayapitishwi katika mfereji mmoja. Mtu akianguka ndani ya shimo la maji machafu, mwenzake haruhusiwi kuruka kumfuata bila kifaa cha kupumulia. Akiruka, watakufa wawili. Tena maji machafu lazima yasafishwe kabla ya kuachwa yaende. Samaki wa Ziwa Victoria ni chakula chetu.

Sheria nyingine ni hii: tindikali ndiyo humiminwa katika maji, polepole. Maji hayamiminwi katika tindikali, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni.

KOSA LINAANZIA NYUMBANI

Sasa sikiliza jambo linalokuhusu wewe. Manyoya yakishatoka, ngozi husema yote. Alama za kupe zinaonekana. Mikwaruzo ya miiba inaonekana. Kisu cha mchunaji kimeacha matundu. Chapa kubwa imechomwa ubavuni, mahali ambapo ngozi ni nzuri. Mwanafunzi anaweza kujua hesabu zote, lakini hakuna dawa ya kuziba tundu. Ngozi hiyo hushushwa daraja, na bei hushuka nayo.

Basi kazi ya mwanao inaanza mikononi mwako. Fanya hivi:

1. Ogesha ng'ombe dawa ya kupe kwa wakati.
2. Weka chapa ndogo shavuni, shingoni au miguuni. Usiweke ubavuni.
3. Chuna kwa kisu kilichopinda, chenye ncha butu. Usiharakishe.
4. Osha damu na uchafu, acha maji yachuruzike, kisha tia chumvi katika saa chache za kwanza. Ngozi ya kilo 20 huhitaji chumvi kilo 6 hadi 8.
5. Kama huna chumvi, iwambe katika fremu, kivulini, penye upepo. Usiianike chini juani. Jua kali huikausha nje huku ndani ikioza.

Ndugu msomaji, chuo kinampa mwanao elimu ya kupima. Wewe mpe ngozi isiyo na tundu. Na kama una mtoto anayependa sayansi, usimwambie kwamba ngozi ni kazi ya uvundo. Uvundo huoshwa kwa sabuni. Ujuzi hubaki.

TUJADILIANE

1. Katika kijiji chetu ngozi hupotea kwa njia gani?
2. Nani huchuna ng'ombe wetu, na anatumia kisu gani?
3. Tufanye nini ili watoto wetu, hasa wasichana, wafaulu hesabu na sayansi?