Baada ya Shetani Kuuawa

(Sehemu ya tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye Chrono Trigger, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1995 unaokuruhusu kuanza upya ukiwa na nguvu zote ulizochuma mara ya kwanza, na hadithi ikaishia pengine kutegemea ni lini umeamua kumkabili adui mkuu. Pale kinachomrudisha mchezaji ni hamu ya kuiona hadithi kwa sura nyingine. Leo tuhamie kwenye ukoo ambao hadithi ni utangulizi tu. Katika michezo ya Diablo, ukishamuua shetani mwenye jina hilo ndiyo kwanza mchezo unaanza.

Kwa asiyeijua: unachagua mhusika wako, mpiganaji au mchawi au mwingine, unamwingiza mapangoni na jangwani kuua mazimwi, na kila zimwi likianguka huenda likadondosha silaha au vazi. Ramani nyingi hupangwa na kompyuta kwa kubahatisha, na sifa za kila kifaa hali kadhalika. Basi. Ukiyaeleza haya kwa mzazi wa kijana anayekesha, atauliza kinachokeshewa ni kipi hasa.

Jibu liko katika Diablo II, uliotolewa Juni 2000 baada ya kuundwa na studio ya Blizzard North ya California. Ulikuwa na ngazi tatu za ugumu: Normal, Nightmare na Hell. Hadithi ilikuwa ileile mara zote tatu, safari ileile, na shetani yuleyule akingoja mwishoni. Ungeweza kudhani ni uvivu wa watengenezaji. Ni kweli pia kwamba maadui wa Hell walikuwa na uhai mwingi zaidi na mapigo mazito zaidi, lakini hayo ndiyo madogo. Kinga zako dhidi ya moto, baridi, radi na sumu zilikatwa. Tangu nyongeza ya Lord of Destruction ya mwaka 2001, makato yalikuwa pointi 100. Ukifa, ulipoteza sehemu ya uzoefu uliokusanya kwa jasho. Na kulikuwa na maadui wasiodhurika kabisa kwa aina fulani ya shambulio.

Hilo la mwisho ndilo kiini. Mchukue Sorceress, mchawi wa kike aliyewekeza ujuzi wake wote kwenye moto. Amepita Normal akichoma kila kitu, amepita Nightmare kwa taabu kidogo, sasa yuko Hell. Anarusha mpira wa moto, zimwi halishtuki. Anarusha wa pili, wapi! Afanye nini? Amkwepe? Amtegemee askari wa kukodi mwenye mkuki? Au alipaswa tangu siku ya kwanza kugawa ujuzi wake kati ya moto na baridi?

Mpaka mwaka 2010, toleo 1.13 liliporuhusu kugawa pointi upya, aliyezigawa vibaya alibaki na uamuzi wake. Wengi walimwacha mhusika wakaanza mwingine. Ulikuwa ukatili, na sioni sababu ya kuutetea. Lakini anayeanza upya kwa namna hiyo harudii mchezo uleule: uamuzi wa ngazi ya kwanza, ambao zamani aliufanya kwa kubofya tu, sasa anaupima kwa macho ya mtu aliyekwisha kuiona Hell. Mcheza bao hafurahii mpinzani aliyeongezewa kete. Anafurahia fundi anayemlazimisha kufikiri upya mtaji wake.

Diablo III ulisahau jambo hilo. Ulitoka Mei 2012, na nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza. Juu ya ngazi tatu za zamani ilipachikwa ya nne, Inferno. Mkurugenzi wa mchezo, Jay Wilson, alisimulia kabla ya uzinduzi kwamba timu yake ilipoona ngazi hiyo imekuwa ngumu ya kutosha, iliuzidisha ugumu maradufu, kwa kuamini kwamba wachezaji watakuwa hodari kuliko wao.

Sehemu ya kwanza ya Inferno ilipitika. Ya pili ilikuwa ukuta. Barbarian na Monk, ambao kazi yao ni kupigana ana kwa ana, walikufa kwa pigo moja au mawili. Waliopigana kwa mbali walisalimika kwa kutoguswa kabisa. Na hapa ndipo palipokuwa na kitanzi: vifaa bora, vya kukuwezesha kuvuka sehemu ya pili, vilikuwa vikidondoka katika sehemu ya tatu na ya nne. Uvipateje kabla hujafika?

Uvinunue. Mchezo ulikuja na soko lake la mnada, na Juni mwaka huohuo likafunguliwa lile la fedha halisi, ambako upanga mmoja uliweza kuuzwa hadi dola 250 za Marekani. Matokeo yake mashujaa wa kuokoa ulimwengu wakageuka wachuuzi. Wengine waliona ni salama zaidi kuzunguka wakivunja mitungi, kwa kuwa nayo ilitoa vifaa na haikurudisha kipigo, toleo 1.0.3 likaipunguzia mitungi neema yake, likapunguza na makali ya maadui, na kuruhusu vifaa bora vidondoke mapema. Lakini furaha ya kuokota ilikuwa imekwisha kuharibika. Kifaa ulichookota ulikitazama kwa bei yake, kwa maana sokoni palikuwa na bora kuliko hicho.

Niongeze kando kwamba mchezo huu wa kompyuta ulidai intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Kuna namna ya kucheza ambayo mhusika akifa, amekufa moja kwa moja. Msomaji wa Mwanza au Kisumu, anayejua umeme unavyokatika bila taarifa, anaweza kukadiria mwenyewe.

Machi 2014 soko lilifungwa, na wiki moja baadaye nyongeza ya Reaper of Souls ikatoka. Agosti zikaja Greater Rifts: mapango ya kubahatisha ambayo mchezaji anapewa dakika 15 kuyamaliza. Ukiwahi, unapanda ngazi. Ukichelewa, unajaribu tena. Kila ngazi huongeza uhai wa maadui kwa takriban asilimia 17, maana yake baada ya ngazi nne au tano hivi uhai huo umekaribia kuwa maradufu au umepita. Ni tarakimu tupu, kama Inferno. Kwa nini basi watu waliipenda hii wakaichukia ile? Kwa sababu hapa mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua ngazi, akishindwa amepoteza robo saa, na anachokipata kimetoka mikononi mwake. Pamoja na Greater Rifts ikaja misimu, ambapo kila mtu huanza na mhusika mtupu, tajiri wa jana akiwa sawa na mgeni wa leo.

Hata hivyo tarakimu zilidai haki yake. Ili kumwezesha mchezaji kuufuata mlima usio na kilele, watengenezaji walikuza nguvu za seti za mavazi, vipande sita vikikamilika vikazidisha mapigo kwa maelfu ya asilimia. Mwenye seti alipanda. Asiye nayo alibaki chini, awe hodari namna gani. Basi kila msimu ulipofunguliwa, maelfu walikimbilia seti ileile iliyotangazwa kuwa bora, wakiinakili kipande kwa kipande. Sorceress wa mwaka 2000 alijikwaa kwa uamuzi wake mwenyewe. Hawa hawakuwa na uamuzi wa kujikwalia.

Wiki ijayo: Dark Souls wa 2011, na kwa nini wanaoucheza mara ya pili hukimbia kuwapita maadui waliowatesa mara ya kwanza.